Taarifa za Raia na Mkono wa Sheria za Kigeni: Tahakiki ya Jaribio la British Columbia

Uhuru wa nchi hupimwa, pamoja na mambo mengine, kwa kuuliza ni nani mwenye amri juu ya watu wake. Zamani swali hilo lilihusu ardhi, mabenki na bandari. Leo linahusu pia taarifa: ugonjwa wa mgonjwa, mshahara wa mfanyakazi, pesa alizotuma mkulima kwa simu. Endapo dola ya kigeni inaweza kuzidai taarifa hizo bila mwenyewe kujua, basi sehemu ya mamlaka ya nchi imekwisha kuvuka mpaka, hata kama bendera bado inapepea.

Makala haya yanachambua jaribio moja la kuzuia hali hiyo, lililofanywa na jimbo la British Columbia, nchini Canada, mwaka 2004. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, lilitokea katika nchi tajiri iliyo jirani na rafiki wa Marekani. Kwa hiyo haliwezi kupuuzwa kuwa ni manung'uniko ya nchi changa. Pili, historia yake imekamilika: sharti lake kuu lilizaliwa, likafanya kazi, likafutwa.

Chimbuko la mgogoro

Oktoba 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, Marekani ilipitisha sheria iitwayo Patriot Act. Kifungu chake cha 215, kilichokoma mwaka 2020, kiliwapa FBI uwezo wa kuomba amri katika mahakama ya siri na kudai kumbukumbu za aina yoyote kwa ajili ya uchunguzi wa ugaidi na ujasusi. Aliyepewa amri hiyo alikatazwa kuitangaza. Miaka michache baadaye serikali ya British Columbia ilikuwa inakabidhi kazi za umma kwa makampuni binafsi. Mojawapo ilikuwa kazi ya kuendesha ofisi za bima ya afya ya jimbo, iliyokusudiwa kupewa kampuni tanzu ya Maximus, kampuni ya Marekani.

Waliougutusha umma hawakuwa mawaziri. Ni BCGEU, chama cha wafanyakazi wa serikali ya jimbo, kilichokwenda mahakamani mwaka 2004 kupinga mpango huo. Wafanyakazi walikuwa wanatetea kazi zao, na hilo si aibu. Lakini katika kutetea kazi walifichua jambo lililomhusu kila raia: kwamba kampuni ya Marekani huwajibika kwa sheria ya Marekani popote inapokwenda. Hapa maslahi ya wafanyakazi yalikuwa ndiyo maslahi ya umma mzima.

Serikali ilijibu kwa sheria, Oktoba 2004. Iliamriwa kwamba taarifa binafsi zilizo mikononi mwa vyombo vya umma zihifadhiwe na kusomwa ndani ya Canada tu, isipokuwa kwa idhini ya mhusika na katika hali chache zilizotajwa. Chombo kilichopata dai la kigeni kilitakiwa kumwarifu waziri. Mfanyakazi aliyefichua uvunjaji wa sheria alilindwa asifukuzwe. Kampuni iliyokosa iliweza kutozwa faini ya hadi dola 500,000 za Canada. Kisha mkataba ukatiwa sahihi, na mwaka 2005 mahakama ikayakataa madai ya chama cha wafanyakazi.

Uzuri na upungufu wake

Tusiwe wepesi wa kubeza. Sheria hiyo iliweka wazi kwamba taarifa ya raia si bidhaa ya ofisi inayoitunza. Ilivunja ukimya uliotakiwa na sheria ya kigeni, kwa kumlazimisha mtunza kumbukumbu kusema. Mwaka 2006 jimbo la Nova Scotia nalo lilitunga sheria ya namna hiyo.

Lakini msingi wake ulikuwa na kasoro. Sheria iliuliza: "Taarifa zimewekwa wapi?" Swali lililotakiwa kutangulia ni: "Anayezitunza anamtii nani?" Kumbukumbu zinaweza kukaa Victoria, makao makuu ya jimbo, huku amri ikitoka Washington, kwa sababu amri haiendi kwenye jengo, inakwenda kwa mwenye kampuni. Serikali yenyewe ililijua hilo. Katika mkataba wake na Maximus iliweka hisa za kampuni tanzu chini ya mdhamini, ili jimbo liweze kuishika kampuni endapo taarifa zingekuwa hatarini. Kwa hiyo mkataba ulikiri kile ambacho sheria haikukitamka: kwamba kiini cha suala ni umilikaji. Kikulacho ki nguoni mwako.

Matukio ya baadaye yamethibitisha hoja hii. Desemba 2013 Marekani iliitaka Microsoft itoe barua pepe zilizohifadhiwa Dublin, Ireland. Kampuni ilipinga, na mwaka 2016 mahakama ya rufani ikaipa haki. Machi 2018 Bunge la Marekani likapitisha CLOUD Act, lililotamka kwamba kampuni iliyo chini ya sheria za nchi hiyo ikiamriwa itatoa taarifa zilizo katika uwezo wake, ziwe ndani au nje ya Marekani. Juni 2025 mkuu wa masuala ya sheria wa Microsoft nchini Ufaransa aliulizwa kwa kiapo mbele ya Seneti kama aliweza kuhakikisha kwamba taarifa za Wafaransa hazingetolewa kwa amri ya Marekani bila idhini ya Ufaransa. Alijibu kwamba hakuweza kuhakikisha, ingawa alisema jambo hilo halijawahi kutokea.

Kasoro ya pili ni ya nyenzo. Sheria ilikataza vyombo vya nje, lakini haikujenga vya ndani. Ulipoingia ugonjwa wa Korona, Machi 2020, madaktari na walimu walihitaji kuonana na watu kwa njia ya mtandao, na vyombo vilivyokuwapo vilikuwa vya makampuni ya kigeni. Serikali ililegeza masharti kwa amri ya waziri, na Novemba 2021 sharti la kuhifadhi taarifa ndani ya Canada likafutwa, mahali pake pakawekwa wajibu wa kutathmini hatari. Hivyo sharti lililotungwa kwa nguvu ya umma liliondolewa na uhaba wa zana. Katazo lisilosimama juu ya nguvu za uzalishaji halidumu.

Mafunzo kwetu

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ndani yake yamo masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Jirani zetu wa Kenya walitunga yao mwaka 2019. Mzozo wao wa karibuni unafanana na ule wa British Columbia: Desemba 2025 Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa sehemu ya makubaliano ya afya na Marekani iliyohusu kupeleka taarifa za wagonjwa, baada ya shirika la watetezi wa walaji kufungua kesi. Mgonjwa anayepokea dawa za msaada ana haki ya siri yake sawasawa na mgonjwa anayezinunua.

Kutokana na uchambuzi huu, kada anapokutana na mkataba wa mitambo, programu au msaada, ana wajibu wa kuuliza:

Kwanza, ni nani mmiliki wa mwisho wa anayetunza taarifa, na anatii sheria za nchi gani? Swali hili liulizwe kwa marafiki pia. Sheria ya China ya mwaka 2017 kuhusu upelelezi wa taifa huyataka mashirika yake kuisaidia kazi hiyo. Urafiki wa mataifa haufuti sheria zao.

Pili, ni nani mwenye ufunguo? Taarifa zilizofungwa kwa maandishi ya siri, ambazo ufunguo wake uko kwa chombo cha umma peke yake, ni salama zaidi hata zikiwa mbali kuliko zilizo wazi katika jengo la jirani.

Tatu, tunafundisha mafundi wangapi wa kujenga na kuendesha mitambo yetu? Kujitegemea hakuji kwa azimio bila kazi.

Nne, je, ofisi zetu wenyewe zinaheshimu siri ya mwananchi? Wapo watakaopenda kulaani jicho la mgeni ili jicho lao lisiulizwe. Hoja ya uhuru wa nchi isigeuzwe pazia la ukiritimba. Mwananchi anayepekuliwa bila sheria amedhulumiwa, awe mpekuzi wake ni wa mbali au wa nyumbani.

Wafanyakazi wa British Columbia walishindwa mahakamani, lakini waliuliza swali sahihi kabla ya wakubwa wao. Kazi ya kada ni kuliuliza mapema, kabla mkataba haujatiwa sahihi.