Nyuma ya Broshi: Kukisoma Kitabu cha Madeleine Albright Hapa Msasani

Naanza kwa kukiri: kitabu hiki nilikinunua kwa sababu ya picha. Kilikuwa kimelazwa kwenye turubai la muuza vitabu vya mtumba, kati ya kitabu cha uhasibu na riwaya mbili zisizo na majalada. Kinaitwa Read My Pins, kimeandikwa na Madeleine Albright na kilitoka mwaka 2009. Kwa Kiswahili tungesema "Someni Broshi Zangu." Muuzaji akaniambia, "Dada, hicho ni cha mapambo, lete elfu tano." Tukamalizana kwa elfu nne.

Nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikipenda moja kwa moja. Mara ya pili, baada ya harusi moja hapa Msasani, nilikipenda nikiwa na maswali. Leo nataka kueleza tofauti hiyo, na kuna kosa langu la zamani ambalo lazima nilirekebishe humu humu.

Kwanza neno lenyewe. Kamusi zinatupa "bizimu," lakini ukisema bizimu wengi wanafikiria kifungo cha mkanda. Mimi nitasema broshi, yaani ile pini ya urembo inayobandikwa kifuani, kwenye kola, kwenye mtandio, hata kwenye kofia. Na wanaume msijitoe. Ile bendera ndogo kwenye koti la kiongozi, ile beji ya chama, ni broshi pia, ila tumeipa jina lenye heshima zaidi.

Albright alizaliwa Prague mwaka 1937. Alikuwa balozi wa Marekani Umoja wa Mataifa, kisha kuanzia 1997 hadi 2001 akawa Waziri wa Mambo ya Nje, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo nchini kwake. Kwetu sisi si mgeni kabisa. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa nchi yake ulipolipuliwa hapa Dar es Salaam, siku moja na ule wa Nairobi, watu 11 walikufa hapa na zaidi ya 200 kule. Yeye ndiye aliyekuwa waziri, na siku chache baadaye alikuja. Ubalozi uliojengwa baadaye ndio huu tunaoupita kila siku kwenye daladala, Barabara ya Old Bagamoyo.

Hoja ya kitabu chake ni nyepesi na inavutia: broshi inaweza kufanya kazi ya diplomasia. Chanzo ni nyoka. Mwaka 1994, yeye akiwa balozi anayeibana Iraki kwa maneno makali, vyombo vya habari vya serikali ya Saddam Hussein vilitoa shairi lililomwita nyoka. Alikuwa na broshi ya nyoka wa dhahabu, akaivaa kwenye kikao cha kuijadili Iraki. Waandishi wa habari wakaiona, wakauliza, na mchezo ukaanza hapo. Siku njema alivaa maua, vipepeo au maputo. Mazungumzo yakienda taratibu, kobe. Mwaka 1999 ilipogundulika kwamba Warusi wameficha kifaa cha kunasia sauti katika wizara yake, alikwenda kukutana na waziri mwenzake wa Urusi akiwa amebandika mdudu mkubwa kifuani. Kwa Putin, wakati wa vita vya Chechnya, alivaa nyani watatu: mmoja haoni, mmoja hasikii, mmoja hasemi.

Kama uandishi, kitabu kinajua kipimo chake. Hadithi ni fupi, picha ni kubwa, na mwandishi hachoki kujicheka. Anakiri kwamba nyingine ni za bei rahisi kabisa, na ndipo unapoelewa kwamba anachokusanya ni maana, thamani inakuja baadaye. Msomaji wa Uswahilini analielewa jambo hilo haraka. Sisi tuna kanga. Mwanamke akitaka kumwambia jirani jambo, hafungui mdomo, anajifunga kanga na kupita mlangoni kwake. Jirani akikasirika, mwenye kanga anasema, "Mimi nimependa maua tu." Broshi ya Albright inafanya kazi hiyo hiyo, ila haina maandishi, kwa hiyo inahitaji mtu wa kuuliza, na yeye alikuwa na chumba kizima cha waandishi wa kumuuliza. Wewe na mimi tukivaa mdudu kifuani, tutaambiwa tu, "Dada, una mdudu hapo."

Hapo ndipo ushauri wake wa mavazi unapohitaji marekebisho ya pwani. Broshi zake zinasikika kwa sababu amezibandika kwenye suti za rangi moja. Sisi tunavaa vitenge, na kitenge chenyewe kinapiga kelele. Ukiweka tausi mwenye mawe saba juu ya kitenge chenye tausi kumi, wote wananyamaza. Kwenye kitenge weka chuma kitupu, umbo moja, lisilo na rangi. Kwenye gauni la rangi moja jiachie. Kwenye mtandio wa shifoni usiweke kitu kizito: kitambaa kinavutika, na sindano inaacha tundu ambalo halizibiki, ndiyo maana wengi wamehamia pini za sumaku. Na kama unataka broshi isiyotoboa mfuko, kuna kikuba: asumini, mkadi na rehani vimefungwa pamoja, vinapachikwa kwenye nywele au kifuani. Broshi inayonukia. Kesho asubuhi imenyauka, na hakuna wa kuirithi.

Sasa nije kwenye harusi.

Marehemu mama yangu aliacha kopo la biskuti lililojaa vifungo, na ndani yake broshi moja tu: ndege mdogo wa rangi ya dhahabu iliyopauka, jicho lake limeng'oka. Katika picha za miaka ile mama anaonekana ameivaa na gauni lake la kijani, kila mara mahali pa ajabu, chini upande wa kushoto, karibu kabisa na kwapa. Hakuna anayevaa broshi pale. Niliwahi kuandika humu kwamba mama alikuwa anavunja kanuni kwa makusudi, mwanamke wa kawaida aliyekataa kuweka pambo pale dunia inapolitegemea. Wasomaji mkanipongeza. Kuna aliyesema amelia.

Kwa harusi ya binamu yangu nikaamua kumvaa huyo ndege. Nikamweka juu, karibu na bega, kama Albright anavyofanya. Ukumbini nikakutana na mama mkubwa.

"Mama mkubwa, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Huyo ndege umemtoa wapi?"

"Kwenye kopo la vifungo la mama."

"Mbona umemweka juu hivyo? Mwenzio alikuwa anamvaa hapa." Akanigusa karibu na kwapa.

"Najua, nimeona kwenye picha. Alikuwa na mtindo wake."

Akacheka, kidogo tu. "Mtindo gani, mwanangu? Pale palikuwa na tundu."

Akanisimulia tumesimama, sahani mkononi. Siku ya harusi ya mjomba, mama alikuwa anapiga pasi gauni lake asubuhi, pasi ya mkaa. Cheche ikaruka ikatoboa. Gauni la kwendea watu lilikuwa hilo hilo. Mama akakaa kitandani akasema haendi tena, wampelekee mjomba salamu. Mama mkubwa akaitoa broshi yake mwenyewe kifuani, akambandika juu ya tundu, akamwinua. "Nikamwambia kesho nitaichukua," akasema. "Mpaka leo."

Nikaanza kuivua ili nimrudishie. Akanishika mkono. "Kaa nayo. Ila usiseme mtindo."

Basi ndiyo hivyo. Makala yangu ile ilikuwa nzuri na haikuwa kweli. Nilikuwa nimesoma broshi kama Albright anavyofundisha, nikiuliza inasema nini. Sikuuliza inafunika nini.

Nilirudi kwenye kitabu na swali hilo, na kurasa zikabadilika. Chukua yule nyoka. Hadithi inachekesha: dikteta katukana, mama kajibu kwa pambo. Lakini nyuma ya nyoka kuna vikwazo vya uchumi dhidi ya Iraki, na watu wa kawaida waliokosa dawa na chakula. Mwaka 1996 Albright aliulizwa kwenye televisheni kuhusu watoto nusu milioni waliosemekana kufa kwa sababu ya vikwazo hivyo, idadi ambayo baadaye ilikuja kupingwa. Hakuipinga wakati ule. Alijibu kwamba uamuzi ulikuwa mgumu, lakini gharama hiyo waliiona inastahili. Miaka kadhaa baadaye, katika kumbukumbu za maisha yake, aliyajutia maneno hayo. Simtaji ili kumhukumu marehemu, amefariki mwaka 2022. Nasema tu kwamba kila ninapomtazama nyoka yule wa dhahabu sasa, naona mahali alipobandikwa.

Na hili si la Albright peke yake. Broshi iliyonisumbua zaidi haimo katika kitabu chake, na imetoka kwetu. Mwaka 1947, katika mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5. Mwenye mgodi, John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, akampa Binti Mfalme Elizabeth kama zawadi ya harusi. Ikakatwa London ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaitengeneza kuwa broshi ya ua: almasi yetu katikati, petali za almasi nyeupe kuizunguka. Malkia aliivaa miaka mingi, hata kwenye harusi ya mwanawe Charles mwaka 1981.

Wapenzi wa mitindo wakiiandika broshi hiyo, wanasifu umbo na rangi, na jinsi inavyokaa vizuri kwenye koti la rangi ya bahari. Zawadi, wanasema, na ni kweli ilikuwa zawadi. Lakini katika simulizi nilizosoma, Williamson ana jina, Cartier ana jina, mfanyakazi wa Mwadui hana. Na Mwadui kuna shimo. Hapo sitafuti tamathali, ni shimo la mgodi lenyewe, moja kati ya makubwa ya almasi duniani, na ua lile lilitoka humo. Ningependa siku moja mtu aandike kitabu kuhusu broshi ile akianzia Shinyanga, kabla hajafika London.

Je, basi Read My Pins ni kitabu kibaya? Hapana, na ninataka kuwa mwadilifu. Kurasa zake bora ni zile ambazo mwandishi anaacha kumjibu mtu. Kuna moyo wa udongo uliofinyangwa na binti yake akiwa na miaka mitano, ambao anauvaa kila Siku ya Wapendanao bila kujali suti gani. Na kuna kijana wa New Orleans aliyemkabidhi kiboksi chenye broshi ya mama yake. Baba yake, askari wa zamani, alikuwa amemnunulia mkewe broshi hiyo kusherehekea miaka hamsini ya ndoa. Mama akafa katika kimbunga Katrina, mwaka 2005. Kijana na baba yake wakaona ni vyema Albright awe nayo.

Pale hakuna rais wa kutishwa wala mwandishi wa habari wa kuchekeshwa. Kuna broshi na mtu aliyekosekana, na mwandishi anajua kunyamaza. Niliposoma ukurasa ule mara ya kwanza niliupita haraka, nikitafuta Putin yuko wapi. Mara ya pili nilikaa nao. Kama kitabu kizima kingeandikwa kwa mkono ule, kingekuwa kitabu kikubwa. Kilivyo ni kitabu kizuri chenye kurasa tano kubwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kuvaa broshi ni mfupi. Angalia uzito wa kitambaa, angalia kelele za kitenge, halafu vaa unayoipenda. Na kwa anayetaka kusoma broshi za wengine, awe mhakiki au jirani dirishani: kabla hujaandika kwamba mtu ana mtindo, tafuta mtu mzima aliyekuwepo siku ile, umsalimie vizuri, umuulize.

Ndege wangu sasa anakaa chini, karibu na kwapa. Gauni langu halina tundu. Watu wananiuliza mbona nimeweka pale, nami nawaambia ni broshi ya mama mkubwa, bado hajaja kuichukua.