Aminofilini: tusome utafiti mpaka mwisho

Wandugu, kuna hoja inarudi kila mara kati yetu: mutu wa pumu asiye na feza ya pompu apewe aminofilini, vidonge vya bei ya chini ambavyo utavipata kwenye famasi toka Kadutu mpaka Bagira. Wenye kuitetea wanaleta utafiti wa London wa Evans na wenzake, uliotoka mwaka 1997 katika New England Journal of Medicine. Utafiti wenyewe ni muzuri. Shida iko kwa namna tunausoma.

Wagonjwa walikuwa 62. Kikundi kimoja kilivuta budesonidi ya kipimo kikubwa. Kingine kilivuta nusu ya kipimo hicho na kumeza teofilini kidogo, dawa ileile inayofanya kazi ndani ya aminofilini. Kisha miezi 3, kikundi cha pili kilikuwa sawa na cha kwanza, hata kukipita kidogo. Lakini muangalie vizuri: hakuna hata mumoja aliyemeza teofilini peke yake. Wote walivuta budesonidi. Sisi tumechukua kidonge, pompu tukaiacha kulekule.

Na pompu njo yenye kazi kubwa. Pumu ni uvimbe ndani ya njia za hewa, na budesonidi inautuliza siku kwa siku. Aminofilini peke yake inafungua njia kwa saa chache, mgonjwa anafikiri amepona, kumbe uvimbe unaendelea.

Tena teofilini ni ndugu ya kafeini. Ikizidi kidogo tu, mutu anatapika, moyo unakimbia, na ikizidi sana anapata degedege. Kule London walipima kiasi chake katika damu. Hapa kwetu, nani anapimiwa? Ongeza siprofloksasini ao eritromisini, ambazo watu wananunua bila karatasi ya munganga, na teofilini inabaki mwilini zaidi.

Sisemi itupwe. Inaweza kusaidia mutu anayevuta budesonidi tayari, chini ya macho ya munganga. Lakini budesonidi iko kwenye orodha ya WHO ya dawa za lazima. Basi wenzangu wa medsini na farmasia, tukiitwa kutoa mawazo, tuombe hiyo ifike kwenye vituo vya afya kwa bei ambayo muzazi wa Kadutu anaweza kulipa. Utafiti wa 1997 unatuunga mkono kwa hilo, kuliko kwa vidonge peke yake.