Msimuliaji Aliyefunga Kitabu

Kuroiwa Ruikō alikuwa na namna ya kutafsiri ambayo leo ingemkosesha kazi. Aliisoma riwaya ya Kizungu mpaka mwisho, akaifunga, kisha akaisimulia upya kwa Kijapani kama alivyoikumbuka. Wala hakuficha, alilieleza jambo hilo katika dibaji ya Hōtei no Bijin, kazi yake ya 1888.

Kwangu mimi, hapo ndipo ufundi ulipokuwa. Kichwani hubaki kisa, maelezo ya ziada hupukutika. Edmond Dantès, mhusika wa riwaya ya Alexandre Dumas, akawa Dan Tomotarō, jina ambalo msomaji wa Tokyo angeweza kulitamka na kulikumbuka hadi kesho yake, ingawa hadithi yenyewe ilibaki Ufaransa.

Kesho yake ilikuwa na uzito, maana Ruikō aliandikia gazeti. Mwaka 1892 mzaliwa huyu wa jimbo la Tosa alianzisha lake, Yorozu Chōhō. Liliuzwa bei poa, likaanika vimada wa wakubwa, na mwenyewe akapachikwa jina la nyoka mwenye sumu. Umbea uliuza, sawa, lakini umbea huchacha mapema. Hadithi ya mfululizo ndiyo humrudisha mnunuzi: kipande cha leo kimshike mkono aliyekosa cha jana, kisogeze kisa hatua moja, kikatike mahali panapouma. Hivyo ndivyo Dumas, na baada yake Les Misérables ya Victor Hugo, walivyosomwa kati ya 1901 na 1903.

Mkono wake unaonekana vizuri zaidi katika Muzan ya 1889, hadithi ya upelelezi aliyoitunga mwenyewe. Maiti imekutwa na nywele tatu kiganjani. Mpelelezi mzee anategemea uzoefu wa mitaani. Kijana anazichunguza nywele, moja baada ya nyingine, hadi anagundua kuwa mmoja umekaa kinyume na wenzake, shina upande wa ncha. Basi ni nywele za kuunga. Uzi wa kisa umefungwa kwenye kitu chembamba kiasi hicho, na haukatiki.

Uhuru wake ulikuwa na gharama. Yūreitō, riwaya yake ambayo mwandishi Edogawa Ranpo aliiandika upya miaka ya 1930, Ruikō aliitajia asili ambayo wapekuzi waliisaka miaka mingi bila kuiona. Kumbe ilikuwa A Woman in Grey, ya A. M. Williamson.