Sifa za Mkono Mwepesi

Fundi anayebadilisha prosesa hana pupa. Nimemtazama mmoja pale Kariakoo, mtu wa makamo, mezani pake pana Dell OptiPlex 7010, mojawapo ya mashine zinazotumika kwanza maofisini Ulaya kabla ya kutufikia kwa meli. Ndani mlikuwa na Core i3 yenye viini viwili. Mwenye mashine alitaka i7-3770 ya mwaka 2012, yenye viini vinne. Soketi ni ile ile ya pini 1155. Kilichobaki ni mkono unaojua.

Kabla ya kufungua chochote aliiwasha na kutazama toleo la BIOS, programu ya kuiamsha mashine, kwani mazabodi isiyoitambua prosesa mpya haitawaka, na kuisasisha baada ya kuing'oa ya zamani ni taabu. Ndipo akachomoa waya, akagusa bati la kasha ili umeme tuli umtoke mwilini, akalegeza skrubu za kipoza joto kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo. Kipoza hakukivuta juu. Alikizungusha taratibu mpaka pesti ya kupitisha joto, iliyokauka, ikaachia. Adabu hiyo ilifunzwa na mashine za AMD za zamani, zilizokuwa na pini chini ya prosesa yenyewe: ukivuta kwa nguvu, prosesa hung'oka pamoja na kipoza, pini zikapinda.

Ninachokipenda kuliko vyote ni namna anavyoiweka prosesa. Huishika kingoni, vidole visiguse upande wa dhahabu. Huitafuta pembetatu ndogo iliyo kwenye pembe, akailinganisha na alama ya soketi, kisha akaishusha wima na kuiachia. Haikandamizi hata chembe. Huketi kwa uzito wake. Pini za soketi zilizo chini yake ni laini mno, na moja tu ikipinda mashine nzima yaweza kukataa kuwaka. Wenzo unapofungwa hutoa mkwaruzo wa kumtia hofu asiyezoea, lakini fundi anaujua. Baadaye huweka pesti katikati, kiasi cha punje ya mchele. Haongezi, maana kazi ya pesti ni kuziba mianya kati ya vyuma viwili, ambamo hewa ingezuia joto kupita.

Zamani hata watengenezaji waliuheshimu mkono huu. Miaka ya 1990, Socket 7 ilipokea prosesa za Intel, za AMD na za Cyrix, mahasimu watatu kwenye kiti kimoja. Soketi ya LGA 775 ilianza na Pentium 4 mwaka 2004, na mwaka 2007 ikaipokea Core 2 Quad Q6600 ya viini vinne. Aliyekuwa na mazabodi inayofaa aliipandisha daraja mashine yake bila kuitupa.

Leo kompyuta mpakato nyingi huja na prosesa iliyochomelewa kwenye mazabodi, isiyobadilishika kwa urahisi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10, na masharti ya Windows 11 hayazitambui prosesa za 2012. Mashine nzima, yenye kuwaka na kufanya kazi, ikahesabiwa taka kwa maandishi, ingawa mfumo wa Linux bado unaikaribisha.

Lakini viwanda havikutulazimisha kuwa wavivu wa kuuliza. Mashine ikizembea kidogo, mtu huulizia bei ya mpya kabla ya kuulizia ugonjwa wa ile aliyonayo. Vijana waliokuwa wakikaa kando ya fundi wamehamia kwenye ufundi wa simu, na siwalaumu, kwa kuwa riziki iko huko. Kinachoniuma ni kwamba ujuzi huu hurithiwa kwa kutazama, na watazamaji wamekwisha. Vipuri bado vimejaa madukani kwa bei nafuu. Mikono ya kuvitia ndiyo tunayoiacha ipotee, wala hakuna aliyetuagiza tuiache.