Mkono Usio na Pupa

Kuna ugonjwa wa tumbo unaowapata watu wachache tu katika kila milioni kwa mwaka. Madaktari huuita pseudomiksoma. Mara nyingi huanzia kwenye kidole tumbo: uvimbe wenye ute hukua humo, hupasuka kimyakimya, na chembe zake hutapakaa tumboni zikiendelea kutoa ute. Mgonjwa huona nguo za kiunoni zikimbana tu.

Mwaka 1842, daktari Rokitansky wa Vienna alikieleza kidole tumbo kilichojaa ute. Lakini daktari Werth alipoupa ugonjwa jina mwaka 1884, aliuhusisha na ovari, na lawama hiyo ikadumu zaidi ya karne. Kumbe ovari mara nyingi huhamiwa tu.

Ute huu una njia zake. Hufuata mkondo wa maji ya tumbo: hupanda kulia hadi chini ya kiwambo, hutuama kwenye nyonga, hulimbikizana kwenye tabaka la mafuta lililofunika utumbo. Utumbo mwembamba, kwa kuwa hautulii, mara nyingi husalimika. Msomaji hodari wa picha za CT huliona ini limebonyea kingoni, akajua kuwa hayo si maji matupu. Maji hayabonyezi ini.

Ndipo huanza kazi ya upasuaji aliyoieneza daktari Paul Sugarbaker wa Washington, aliyeifafanua hatua kwa hatua mwaka 1995. Daktari huuchuna utando wa tumbo, mwembamba kama ule wa ndani ya yai, pande kwa pande, pengine kwa muda wa saa kumi. Kisha dawa ya saratani iliyopashwa moto hadi nyuzi 42 hivi huzungushwa tumboni, iziue chembe zisizoonekana kabla makovu hayajazifunika. Utumbo mwembamba ukiwa umeshikwa mno, fundi wa kweli hupunguza tu mzigo, akaacha.

Lakini sifa yangu kubwa ni ya daktari wa mwanzo, yule aliyepasua kutafuta ngiri au kidole tumbo kilichovimba, akakutana na ute. Akivamia kwa pupa, kila anapokata huota kovu linalohifadhi chembe, na ajaye hukuta njia imeziba. Anayechukua kipande cha kupima, akashona na kuandika rufaa, hatatajwa siku mgonjwa akipona. Hata hivyo, ni yeye aliyeufanya uponyaji huo uwezekane.