Mwambani Siku za Bamvua

Siku ya kwenda mwambani haipangwi na mtu. Hupangwa na mwezi, na familia za pwani ya mashariki ya Unguja, Makunduchi, Jambiani, Paje hadi Matemwe, huijua bila kufungua simu. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari hupwa kuliko siku nyingine zote. Hilo ndilo bamvua. Katikati, mwezi nane hivi na mwezi ishirini na tatu, maji huwa mafu: hayapwi sana wala hayajai sana. Kwa hiyo mtoto anayejua leo ni mwezi ngapi anajua pia kama kesho kuna safari.

Pwani yetu imebahatika. Hapa maji ya bamvua hufika chini kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana, yakichelewa kwa dakika 50 hivi kila siku inayofuata. Ni wakati ambao mtoto ameshakunywa chai na jua linatosha kuona ndani ya dimbwi. Karibu na Unguja tofauti ya kimo kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Mahali ambapo alfajiri ngalawa ilikuwa inaelea, saa nne ni uwanja wa mchanga, majani ya bahari, mawe na madimbwi, unaonyooka hadi kule mawimbi yanakovunjika. Uwanja huo hauna lango wala tiketi, na sijaona mahali pazuri zaidi pa kumpeleka mtoto akawajue viumbe wa kwao.

Lakini kwenda ni jambo moja, na kujua kwenda ni jambo jingine. Bibi ninayemfuata mimi ni wa Jambiani, amekuwa akichokoa pweza tangu yuko msichana, na siku hizi hutoka na wajukuu wake. Vitu vyake ni vichache: raba kuukuu miguuni, kanga iliyofungwa kiunoni, mkoba wa ukili begani, na kijiti kirefu chenye ncha. Hutoka maji yakiwa bado yanapwa, akiyafuata nyuma polepole, ili muda wote bahari iwe inamwachia nafasi. Mashamba ya mwani, yaliyoanza kulimwa hapo Jambiani na Paje mwaka 1989, huyapita pembeni, maana kila kamba ina mwenyewe. Baada ya hapo huanza kuchagua pa kukanyaga. Mchanga, sawa. Mwamba mkavu usio na uhai, sawa. Tumbawe lililo hai, lenye rangi na vijitundu vidogo, hapana, hata kama kulizunguka kutamchukua hatua ishirini zaidi. Wanaokumbuka joto la bahari la mwaka 1998, matumbawe yalipogeuka meupe na mengi kufa katika Bahari ya Hindi ya magharibi, hawahitaji kuelezwa kwa nini anazunguka.

Mwendo wake ndio uliokuwa wa kwanza kunivutia. Mtu asiyejua mwamba hutembea akitafuta kitu kinachotembea, kwa hiyo haoni kitu, kwa sababu karibu kila kiumbe wa mwambani akisikia kishindo hutulia tuli. Bibi hutafuta kilichohama mahali pake. Huangalia jiwe ambalo upande wake wa juu ni msafi wakati mengine yote yameota ukoga, mchanga uliofagiliwa mbele ya shimo, ganda la kaa lililolala chali, jeupe ndani, bila nyama na bila mwani. Vitu hivyo vinatosha kumwambia nani anaishi hapo na kama yumo.

Siku moja alisimama mbele ya shimo ambalo mimi nilikuwa nimeshalipita. Lilikuwa chini ya jiwe, si pana kuliko kikombe cha chai, na mlangoni palikuwa na vijiwe vidogo vimekaa kama vilivyowekwa kwa mkono. Hakuonyesha kwa kidole. Alizunguka hadi jua likawa usoni mwake na kivuli chake kikaanguka nyuma, mbali na shimo, kisha akachutama na kumwita mjukuu mdogo.

"Umeona nini?"

"Mawe."

"Mawe gani?"

"Madogo."

"Nani kayapanga?"

Mtoto akanyamaza. Akatazama. Ilichukua muda mrefu, na bibi hakusema neno. Halafu kimoja cha vile vijiwe kikafumbua jicho. Lilikuwa jicho la pweza, limeinuka juu ya kichwa, mboni yake ni ufa mweusi uliolala. Mara ngozi iliyolizunguka ikabadilika kutoka kahawia kuwa kijivu chenye madoa, kisha ikarudi kahawia, na pembeni mwa shimo tukaona tundu dogo likifunguka na kujifunga, likipumua maji. Mtoto alimshika bibi yake mkono kwa nguvu. Hakuna aliyemwambia kwamba mnyama huyo ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Hayo atayasoma shuleni, na akiyasoma atakuwa tayari anamjua mnyama anayesomwa.

Hapo nilielewa kwamba ustadi wa bibi una tabaka mbili, na ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Kusoma mwamba ni kazi ya miaka, lakini miaka humfundisha yeyote anayerudi. Kumwacha mtoto asome mwenyewe, huku wewe umeshaona jibu na maji hayangoji, kunahitaji uvumilivu ambao watu wazima wengi hatuna. Sisi hupenda kutaja majina. Mtoto akiuliza "nini hii?" tunajibu upesi, naye akishapewa jina huondoa macho. Bibi hurudisha swali. "Umeona nini?" Akijibiwa, husema, "Tazama tena." Jina huja mwisho, likimkuta mtoto ameshahesabu mikono ya kiti cha pweza na kugundua kwamba mmoja ni mfupi kwa sababu unaota upya.

Kwenye jiwe ana utaratibu ambao hajawahi kuuvunja mbele yangu. Hulishika kwa mikono miwili, huinua upande mmoja polepole, huacha maji yatulie, na watoto huchungulia chini yake. Huko kuna mji mwingine kabisa: viumbe jamii ya kiti cha pweza wenye mikono myembamba wanaokimbilia gizani, kaa wadogo kama punje ya mchele, mayai yaliyobandikwa kwa safu, na utando wa rangi ya machungwa au zambarau ambao ukiugusa ni laini. Baada ya kutazama, jiwe hurudishwa vilevile, upande wa juu juu na upande wa chini chini. Mara ya kwanza nilidhani ni adabu tu. Sababu yake ni ya uhai na kifo. Wanaoishi chini ya jiwe hawavumilii jua, na mwani unaoishi juu yake hauwezi kukaa bila jua. Jiwe likiachwa limepinduliwa, pande zote mbili hufa. Mjukuu wa miaka mitano hulirudisha jiwe kwa uangalifu ambao ungetamani kuuona kwa mafundi wa nyumba yako.

Mambo mengine huyapita haraka, nami nitayapita. Jongoo bahari hula mchanga, hufyonza chakula kilichomo na kuutoa tena, kwa hiyo nyuma yake huacha vidonge vya mchanga, na watoto hupenda kumfuata kwa alama hizo. Kome tupu hazibebwi nyumbani, hata iliyo nzuri kuliko zote, kwa kuwa kuna kaa asiye na gamba tumboni ambaye huishi ndani ya ganda la wengine, na akikua lazima ahamie kubwa zaidi. Ukikaa kimya kando ya dimbwi lenye makome unaweza kumkuta akilipima ganda jipya kwa miguu yake, akiingiza kucha ndani, akilizungusha, kisha akahama kwa mpigo mmoja ili mgongo wake laini usibaki wazi. Watoto waliowahi kumwona akihama hawaombi tena kuchukua kome.

Kuna pia vya kutogusa, na hapo bibi hacheki. Kome mwenye umbo la pia, mwenye marumaru nzuri mgongoni, hurusha mwiba wenye sumu inayoweza kuua mtu. Samaki anayefanana na jiwe hulala kimya na miiba yake mgongoni, ndiyo sababu hakuna anayetoka pekupeku. Taa hujifukia mchangani, kwa hiyo ndani ya maji miguu huburutwa, haiinuliwi. Mkono hauingizwi kwenye shimo lolote, maana mkunga naye anapenda mashimo ya pweza. Watoto huyajua haya mapema kuliko wanavyojua kusoma, na kwa kuwa wameonyeshwa mmoja mmoja, hawaogopi bahari nzima.

Hatari kubwa zaidi haina miiba. Ni kurudi kwa maji. Mgeni hutazama bahari kuu, akisubiri kuona wimbi likija. Bibi hutazama nyuma, kwenye mkondo ulio kati ya mwamba na ufuo, kwa sababu huko ni chini zaidi na ndiko maji hujaa kwanza. Mtu anaweza kusimama mahali pakavu huku njia ya nyumbani imeshafika kiunoni. Maji hayarudi kwa kasi moja. Saa ya kwanza huja kidogo, ya pili zaidi, na katika saa ya tatu na ya nne hupanda nusu ya kimo chote, maana yake kwa bamvua la mita 4 ni kama mita moja kila saa. Mtoto wa miaka sita hana urefu wa kubishana na hesabu hiyo. Ndiyo maana bibi hugeuka pale maji yanaposimama, kabla hayajaanza kuja, hata kama mkoba ni mtupu na pembeni kuna shimo linaloahidi.

Mkoba huwa mtupu mara nyingi zaidi kuliko zamani. Wapigambizi hufika kwenye maji ya kina, wanunuzi wa pweza ni wengi, na mwamba wa kutembea kwa miguu ndio huu huu. Lakini pweza ana jambo moja la kutia matumaini: huyu wa miamba yetu anaishi mwaka mmoja hivi tu na hukua haraka mno. Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa, na walipoufungua walikuta pweza wakubwa. Wazo hilo limefika kwetu, na huko Pemba watu wa Kisiwa Panza ni miongoni mwa waliowahi kufunga miamba yao kwa zamu. Bibi ana kufunga kwake mwenyewe, kwa kila shimo. Akikuta mlango umezibwa kwa mawe kutoka ndani, hupita. Anajua kuna jike analalia mayai, hali, hatoki, na yakishaanguliwa atakufa. Wajukuu nao hupita, wakitembea kwa ncha za vidole kana kwamba kuna mtoto mchanga amelala.

Anayeishi Dar es Salaam au Mombasa asidhani haya ni ya watu wa shamba. Kuna miamba inayoachwa wazi Oyster Bay, kuna Nyali, na kule Watamu madimbwi ya hifadhi ya bahari, iliyotangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, yana samaki wa rangi zote, ingawa humo hulipiwa na hairuhusiwi kuokota chochote. Wanafunzi wa Unguja wamekuwa wakipelekwa kisiwa cha Chumbe kujifunza matumbawe. Na kati ya Septemba na Aprili nyanda hizi hujaa ndege waliotoka mbali, wengine Siberia. Mmoja wao ni mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huzaa kwenye mashimo ya mchanga katika fukwe na visiwa vya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, halafu huja kupisha baridi kwetu, hasa Mida karibu na Watamu. Familia yenye ndugu Maskati inaweza kuulizana kwa simu nani kamwona kwanza.

Kinachowazuia wengi ni shule, kwa kuwa saa tano asubuhi mtoto yuko darasani. Hapo kalenda inasaidia. Bamvua hurudi kila baada ya siku 14 na robo tatu hivi, na uzuri wake hudumu siku tatu nne. Likiangukia Jumamosi, linalofuata litakuwa Jumamosi au Jumapili, kisha litasogea taratibu kuelekea katikati ya wiki, na baadaye jingine litarudi mwisho wa wiki. Mabamvua makubwa kuliko yote huja karibu na Machi na Septemba. Likizo ya Desemba inaangukia kaskazi, na siku upepo unapotulia maji huwa maangavu hata dimbwi la magotini linaonyesha chini. Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, dimbwi la kwanza kutoka ufuoni linatosha, kwa nusu saa, na mzazi achutame naye upande ambao kivuli hakianguki.