Suruali Iliyoikatalia Mvua ya Mweru

Kavu! Nimepenyeza mkono kiunoni, nikaushusha hadi kwenye mshono wa msamba, pale pale ambapo kila suruali ya mvua niliyowahi kuvaa imenisaliti, na vidole vimetoka vikavu. Pikipiki nimeiegesha kando ya soko la Kashikishi, buti zimeganda tope jekundu, kofia ngumu inachuruzika maji, na natamani kumsimamisha kila anayepita nimwonyeshe.

Nipo Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Huko ziwani kuna kisiwa cha Kilwa, na ng'ambo ya magharibi, upande wa Kongo, kuna mji unaoitwa Kilwa vilevile. Wenzangu wa Lindi wasubiri kidogo. Kilwa ya leo ni ya maji baridi. Mweru lina ukubwa wa kilomita za mraba 5,000 na ushee, liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya huku huanza Novemba isiachie mpaka Aprili. Nimekuja Machi kwa makusudi. Nimetoka Mbeya, nikavuka Tunduma, nikapita Kasama na Mansa, na nyuma ya pikipiki kulikuwa na furushi la suruali hii, ambalo shemeji yangu aliniletea kutoka Ujerumani. Nilikuwa nalisubiri kama mtoto anavyosubiri nguo ya Idi.

Mvua ilinidaka Mwansabombwe, kwenye makao ya chifu Mwata Kazembe, nayo ikanisindikiza hadi ziwani. Mvua ya Luapula haidondoki, inamwagwa. Magari yalisimama na kuwasha taa. Mimi nilisonga!

Siri yenyewe iko hapa, na ndiyo ninayotaka kila mpanda pikipiki aishike kabla hajatoa hela. Suruali za safari zisizopitisha maji zipo za aina mbili. Aina ya kwanza ina kitambaa cha nje cha kawaida, kisha ndani yake unaning'inia utando wa kuzuia maji, kama bitana. Maji hayakufikii mwilini, ni kweli, lakini kitambaa cha nje kinalowa chapachapa. Kinakuwa kizito, upepo unakipuliza, mapaja yanakufa ganzi, na jioni unaanika kitu kizito kama blanketi ambacho asubuhi bado kibichi. Nimeteseka na aina hiyo miaka mingi. Aina ya pili utando umegandishwa moja kwa moja kwenye kitambaa cha nje, vimekuwa kitu kimoja. Hii yangu ni ya aina ya pili, utando wake ni Gore-Tex, na jamani, ni kama usiku na mchana! Matone yanatua, yanajiviringa kama maji juu ya jani la yugwa, yanateleza. Nilipofika Kashikishi niliikung'uta mara mbili tu.

Utando huo una kisa kizuri. Mwaka 1969 Robert Gore, Mmarekani, alikuwa akijaribu kuvuta taratibu vipande vya plastiki iliyopashwa moto, ile ile inayopakwa kwenye vikaango visivyonata, navyo vikawa vinakatika. Akavuta kimoja kwa nguvu, ghafla. Badala ya kukatika kikarefuka ajabu, kikajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Tone la maji ni kubwa mno haliwezi kupita humo, lakini mvuke wa jasho unapita. Ndiyo maana miguu yangu haikuchemka.

Sasa geuza suruali nje ndani, kama unavyokagua nguo ya mtumba. Kila mshono umefunikwa kwa utepe mwembamba uliobandikwa kwa moto. Fuata utepe kwa kidole gumba hadi msambani, mahali mishono inapokutana. Ukikaa kwenye pikipiki, maji yote yanayogonga tangi na kifua yanakusanyika hapo, yanafanya dimbwi dogo mapajani, na uzito wako unalisukuma kwenye kiti. Suruali dhaifu hupitisha maji hapo kabla ya kwingine kokote. Kwenye hii, fundi ameusogeza mshono mbele, ukapisha sehemu ya kukalia, kisha akatia kiraka cha utepe chenye umbo la yai juu ya makutano. Nimekitazama kiraka hicho kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kueleza. Mtu aliyekibandika anajua mvua.

Na kuanguka je? Tafuta lebo yenye picha ya mpanda pikipiki na namba EN 17092. Herufi AAA ndiyo ngazi ya juu ya kustahimili msuguano wa barabara, kisha AA, kisha A. Hii imeandikwa AA, na kwa mtu anayechanganya lami na changarawe mimi naona inatosha. Magotini na nyongani kuna vibao laini vya rangi ya chungwa, D3O ya Uingereza: ukivibonyeza vinanyumbuka kama unga wa maandazi, ukivipiga ngumi vinakuwa vigumu papo hapo. Vyenyewe vina kiwango cha EN 1621-1, na tofauti ya ngazi si maneno ya dukani. Ngazi ya 1 inaruhusu wastani wa kilonewtoni 35 zipite kwenye kiungo chako, ngazi ya 2 isizidi 20. Chukua ya 2. Goti halina spea.

Ila usiijaribu ukiwa umesimama mbele ya kioo. Panda pikipiki, kunja miguu, ndipo utazame. Kibao cha goti kikae juu ya goti, kisipande pajani, na pindo lisikimbie juu ya buti, kwa sababu pindo likipanda maji yote uliyoyakataa juu yanaingia kwenye buti. Pindo livae buti kwa nje, siku zote.

Mvua ilipokatika, jua la ziwani likatoka kwa hasira, na wanawake wakarudi kutandaza chisense ufukoni, visamaki vidogo vya fedha, ndugu wa dagaa wetu. Hapo nilianza kuogopa, maana joto la Mweru ni la mvuke. Nikafungua zipu mbili ndefu za mapajani, upepo ukapita kutoka mbele ukatokea nyuma. Raha! Ukiwa umesimama unatokwa jasho, sikufichi. Ukiwa unatembea, hapana.

Siku ya pili niliiacha pikipiki Nchelenge nikapanda boti ya mbao kwenda kisiwani, na suruali nikaivaa humo humo. Mawimbi yalirusha maji, na mbao tuliyokalia ilikuwa imelowa tepetepe. Mama mmoja wa upande wa Kongo, mwenye beseni mapajani, alinitazama nikikaa bila kusita, akaniuliza kwa Kiswahili cha Katanga: "Papa, hii patalo haiingie mayi?" Nikamjibu haiingii, mama. Akashika kitambaa, akakisugua kati ya vidole, akachota maji ya ziwani kwa kiganja na kunimwagia gotini. Yakateleza yote. Akacheka, akamwita mwenzake, naye akamwaga. Boti nzima ilijaribu.

Kuitunza ni rahisi. Sabuni laini isiyo na manukato, usitie dawa ya kulainisha nguo kamwe, suuza sana. Siku utakapoona matone hayajiviringi tena na kitambaa kinapiga weusi, usikate tamaa: iliyochoka ni dawa ya juu tu, utando bado mzima. Ioshe, ipashe moto mdogo kama lebo inavyoruhusu, na ikibidi nyunyiza dawa mpya.

Kesho naelekea Chiengi. Jana usiku nilimpigia shemeji. Nimemwomba alete nyingine, kiuno kidogo, miguu mifupi kwa vidole vinne, ya mke wangu, ambaye tangu nimtumie picha za kisiwa ameshauliza mara tatu mizigo yake itafungwa upande gani.